Mpaka Kifaa Kinyamaze

Machi 10, Jumatatu

Kichwa kinauma tena. Daktari Antony anasema ni umri. Nina miaka hamsini na mbili, yeye ana thelathini na mmoja, kwa hiyo kila kitu changu kwake ni umri. Nimenunua daftari hili sokoni Kombewa niandike siku kinapouma na siku kisipouma. Mvua ikiisha nitamwekea mezani tuone nani alikuwa anabahatisha.

Kazi yangu ni kulaza watu. Katika hospitali hii ya misheni hapa ufuoni mwa ziwa, kwa miaka kumi na tisa, daktari hupasua na mimi hukaa upande wa kichwa cha mgonjwa na dawa yangu ya usingizi. Wagonjwa wananijua kwa dakika mbili. Wananiuliza, "Sista Waringa, utaniamsha kweli?" Nasema ndiyo, nawawekea kinyago, wanalala. Wakija kuamka kabisa wako wodini na mimi niko kwa mwingine. Sitasema silipendi jambo hilo. Mtu aliyelala hana maneno mengi.

Leo mgonjwa mmoja wa ngiri na mmoja wa kidole cha mguu. Dirisha wazi. Kichwa kimeanza jioni.

Machi 13

Hakuna upasuaji. Kichwa kizima. Joto.

Machi 19, Jumatano

Wanyonyi, fundi wa friji, amekuja kutoka Port Victoria kutengeneza friji yetu ya damu. Kule hutunza vyumba vya barafu vya samaki. Ana kifaa kidogo chenye shingo ndefu, cha kunusa gesi inayovuja. Pasipo na gesi kinanyamaza. Kikiinusa kinalia tik, tik, na gesi ikizidi kinapiga kelele kama nyenje.

Nilimuuliza kama kinaweza kunusa halothani, dawa yangu. Ni maji ndani ya chupa, mashine inayageuza kuwa gesi, na nimesikia kwamba ina undugu na gesi za friji.

"Tujaribu, Madam," akasema.

Tuliingia chumba cha upasuaji mara baada ya mgonjwa wa mwisho kutolewa. Kwenye bomba linalotoa pumzi ya mgonjwa kilipiga kelele. Hilo nililitarajia. Kisha Wanyonyi akasimama katikati ya chumba, mbali na mashine, na bado kikawa kinalia.

"Hii room ingekuwa ya samaki," akasema, "ningeambia watu wote watoke nje."

Pumzi ya mgonjwa ilitakiwa iongozwe nje na mpira maalumu. Mpira wetu ulioza kabla sijafika hapa, na nafasi yake ikachukuliwa na dirisha. Kiangazi dirisha linatosha. Mvua ikianza tunalifunga, kwa sababu upepo wa ziwa unaleta maji mpaka kitandani, na tunavuta kile anachotoa mgonjwa. Nimeandika barua tatu za kuomba mpira. Wanyonyi ameniachia kifaa mpaka atakaporudi.

Machi 26, Jumatano

Nilikuwa na kitabu changu cha zamani cha masomo. Kinasema dawa hii hutoka mwilini kwa njia ileile iliyoingilia, mdomo na pua. Sehemu nyingine huvunjwavunjwa na ini na kwenda na mkojo. Halafu kuna sentensi moja ambayo nilikuwa nimeipita tangu chuoni: kiasi kidogo sana hutoka kupitia ngozi.

Nilishindwa kuiacha. Leo nilimuuliza Nabututu, mama wa Busia aliyekuja kutolewa uvimbe, kama ningeweza kumfunga mkono wakati amelala. Akacheka, akasema nifunge yote miwili. Nikauvika mmoja mfuko safi, nikauziba kwa plasta juu ya kiwiko, na baada ya nusu saa nikaingiza shingo ya kifaa. Kimya. Tik. Kimya kirefu. Tik. Haifiki hata sehemu moja kwa mia ya kile kinachotoka mdomoni, lakini ilikuwepo. Nilifurahi kama mtoto.

Katika furaha hiyo nilisahau kuufungua mfuko, akapelekwa wodini nao. Nilipofika kuutoa nilimkuta Mama Dorca amesimama kando ya kitanda chake. Mama Dorca anamuuguza Seline, mke wa mwanawe, ambaye ana mimba ya miezi saba na amelazwa wiki nzima kwa sababu anatokwa na damu kidogo kidogo.

"Sista, huyu umemfunga kwa juala kama omena," akasema. "Unapeleka soko gani?"

Nikacheka. "Naangalia kama dawa ya usingizi inatoka kwa ngozi, Mama."

"Na inatoka?"

"Kidogo."

Akatikisa kichwa polepole. Nilidhani anavutiwa na sayansi.

Machi 28, Ijumaa

Upasuaji mara tatu. Baadaye, nikiwa peke yangu, nilipumua mbele ya kifaa. Kililia. Nikatoka nje, nikazunguka jengo mara mbili, nikapumua tena. Kililia.

Zamani, nilipokuwa na mume, mimba zangu mbili ziliharibika nikiwa kazini. Sikumuuliza mtu kwa nini. Kifaa nimekifungia kwenye droo.

Machi 31

Mvua. Dirisha limefungwa. Kichwa.

Aprili 2

Mvua. Kichwa.

Aprili 4, Ijumaa

Seline alianza kuvuja damu nyingi alfajiri, ikabidi mtoto atolewe kwa upasuaji. Presha ilikuwa imeshuka mno, sindano ya mgongo haikuwezekana, ikabidi nimlaze kabisa. Daktari Antony alikuwa mwepesi na hakutania mtu. Akikosea hana adabu, lakini mikono yake ni mizuri, niandike hilo pia.

Mtoto wa kiume, kilo moja na gramu mia saba, alitoka amelegea. Hakulia. Dawa niliyompa mama ilikuwa imempitia kwenye kitovu, naye alikuwa amelala kama mama yake. Mkunga alikuwa anahangaika kuzuia damu ya Seline, kwa hiyo nilimpokea mimi, nikampa pumzi kwa puto la kupulizia hewa mpaka akakohoa na kulia. Mama Dorca aliona yote kupitia kioo cha mlango. Jua lilikuwa linachomoza. Akamwita Okinyi hapohapo, maana ni wa asubuhi.

Aprili 5, Jumamosi

Stima imepotea tangu saa nane mchana, nguzo zimeanguka huko barabarani. Jenereta ni ya chumba cha upasuaji tu. Kile kitanda cha joto cha watoto kimekuwa sanduku. Okinyi alipimwa jotoridi, thelathini na tano na nusu. Ni chini.

Dawa ya hilo haihitaji stima. Mtoto anavuliwa, anawekwa kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, wanafungwa leso pamoja. Muuguzi alipomchukua kumpeleka kwa Seline, Mama Dorca alisimama mlangoni.

"Huyo haendi hapo."

Niliitwa. Nilimkuta amemshika mtoto ndani ya blanketi mbili, na Seline amelala kitandani mweupe wa midomo, anamtazama.

"Mama, mtoto anapoa," nikamwambia. "Mpe mama yake."

"Mama yake ana dawa kwa ngozi. Wewe mwenyewe ulisema inatoka kwa ngozi. Huyu mtoto alizaliwa amelala, niliona kwa macho yangu. Akilala tena, ni nani atamwamsha?"

"Nilisema kidogo."

"Na yeye ni mkubwa? Kidogo kwake ni mingi." Akamtazama mtoto. "Mtoto wa kiume anakaa ndani siku nne kabla atolewe nje. Hiyo dawa pia nitaipatia siku nne. Baadaye sina maneno."

Daktari Antony alikuja akapaza sauti. Mama Dorca akasema atampeleka mtoto nyumbani, aone nani atamzuia. Wakampigia simu Calvince, mwanawe, aliye Muhoroni na trekta za miwa. Barabara imekatwa na maji, hawezi kufika. Akasema, "Sikizeni mama." Nilipomuuliza Seline anataka nini alisema tu, "Mama ameongea."

Mdomo uliponza kichwa, na hapa mdomo ni wangu na kichwa ni cha mtoto asiyefika kilo mbili.

Nilikaa nikafikiri. Halafu nikasema, "Mama, wewe una dawa mwilini?"

"Mimi? Sijawahi kupasuliwa."

"Basi kifua chako kiko safi. Vua blauzi."

Akasema mke wa mwanawe haruhusiwi kuona kifua chake, ni aibu kubwa, na wazee wangesema ni laana. Nikampa kitanda cha jirani kilichokuwa kitupu, nikavuta pazia kati ya vitanda viwili. Akavua. Nikamlaza Okinyi pale, nikawafunga leso. Baada ya saa moja, thelathini na sita na nukta mbili.

Maziwa ya Seline anayakubali, yakikamuliwa kwenye kikombe. Nilimuuliza mbona hayo hayana dawa. Akasema maziwa yanatoka ndani na ngozi iko nje. Sikubishana.

Aprili 6, Jumapili

Stima bado. Mvua tangu asubuhi. Watu wa misheni wamekuja kusali wodini, wimbo mmoja na Baba Yetu.

Mama Dorca hajatoka kitandani isipokuwa kwenda chooni. Anakaa wima, mkono mmoja chini ya mtoto, anamwimbia kwa Dholuo kitu ambacho nadhani ni cha kupalilia mahindi. Nilikuwa nimemweka kwenye kundi la wakwe wakaidi. Mwanamke wa miaka sitini anayekaa wima saa ishirini si mkaidi tu.

Upande wa pili wa pazia Seline anakamua. Leo kikombe kimejaa nusu ya jana. Nilipokichukua alinishika mkono.

"Sista, namsikia akipumua," akasema. "Mpaka hiyo hewa yake nasikia. Lakini sijui hata anafanana na nani."

"Zimebaki siku mbili."

"Maziwa inaisha. Inajua hakuna mtu anakuja." Akaniachia mkono. "Wewe ndiye uliambia Mama hiyo maneno. Ulikuwa unacheka, nilikuwa hapa, nilisikia. Sasa mbona huwezi kuitoa?"

Niliona aibu, na nimeendelea kuiona mpaka ninapoandika hapa. Kwa miaka kumi na tisa wagonjwa wangu wamekuwa wamelala ninapokosea.

Aprili 7, Jumatatu

Siku ndefu, nitaiandika yote.

Asubuhi Mama Dorca alikuwa anatetemeka. Malaria. Joto lake thelathini na tisa, na mtoto juu yake anatikisika kama yuko kwenye mashine ya kusaga. Tukamtoa. Mama Dorca akapewa dawa, akafunikwa, na Okinyi akarudi kwenye blanketi. Saa nne alikuwa thelathini na sita. Saa tano, thelathini na tano na nukta nne. Akawa hanywi vizuri kwenye kikombe. Mama Dorca akasema, meno yanagongana, "Imebaki kesho tu. Kesho nitampatia."

Mimi nilikuwa naitwa kwa upasuaji wa mguu. Nikaenda, dirisha limefungwa, saa mbili nzima. Katika saa hizo mbili nilikuwa nawaza droo yangu. Kifaa kingeweza kumwonyesha kwamba ngozi ya Seline haina kitu. Kilikuwa pale tangu Machi 28, na sikukitoa, kwa sababu nilijua kingesema nini kuhusu mimi. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nimeficha, na sikuzaa.

Nilitoka na nguo za kazi, nikachukua kifaa, nikaenda wodini. Okinyi alikuwa thelathini na tano kamili.

"Mama, hii inanusa dawa ya usingizi," nikasema. "Ikinusa inalia. Tazama."

Nikakipitisha juu ya mkono wa Seline. Kimya. Shingo, kifua, tumbo juu ya bandeji. Kimya. Seline alikuwa amezuia pumzi.

Mama Dorca aliinuka kwa kiwiko. "Hiyo imekufa," akasema. "Hata mimi nikileta redio haina betri nitakwambia hakuna habari. Kwanza ilie, ndio niamini ikinyamaza."

Angekuwa mwanafunzi wangu ningempa alama zote.

Wodi nzima ilikuwa inatazama. Nikaelekeza shingo ya kifaa kwangu, nikapumua. Kikalia kama nyenje. Nikapumua tena, kikaendelea. Mtoto wa kitanda cha pili akaanza kulia kwa woga.

"Ni wewe?" akauliza Mama Dorca.

"Ni mimi. Natoka huko sasa hivi. Chumba hakina mahali pa kutolea gesi, mvua ikinyesha tunaivuta."

"Siku zote?"

"Miaka kumi na tisa."

Akasema, "Sasa mdomo ya Seline." Nilijua atauliza. Nikakipeleka mbele ya mdomo wa Seline, akapumua. Tik. Tukangoja. Tik. Sikudanganya, nikamweleza kwamba dawa hii hutoka kwa pumzi, siku kadhaa, kidogo kidogo, na hicho kilichobaki hakiwezi kumlaza hata nzi. Ngozi haina kitu. Na kilichoko mdomoni mwa Seline kilikuwa mara nyingi chini ya changu.

Mama Dorca alikuwa anahesabu kichwani, nilimwona. "Na wewe ndio ulimpokea," akasema. "Ukampatia pumzi. Umemshikashika siku nne, umempima joto, umenifunga na yeye leso. Na wewe ndio umejaa."

"Ndiyo."

"Na hakulala."

"Hakulala, Mama."

Akashuka kitandani, anatetemeka bado, akamchukua Okinyi kutoka kwenye blanketi na kumpeleka mwenyewe upande wa pili wa pazia. Akamfungua Seline vifungo vya gauni, akamlaza mtoto pale. "Geuza uso kando," akamwambia, "usimpumulie." Seline akageuza uso ukutani, na machozi yakaingia sikioni mwake, na mikono yote miwili ilikuwa juu ya mgongo wa mtoto.

Nilinyoosha mkono kumpima joto. Mama Dorca akanipiga kidogo kwenye kifundo cha mkono.

"Wewe usimguse tena," akasema. "Mpaka hiyo kitu inyamaze."

Saa tisa Okinyi alikuwa thelathini na sita na nusu. Muuguzi ndiye aliyeniambia.

Aprili 8

Stima imerudi. Hakuna aliyeikumbuka.

Aprili 11, Ijumaa

Calvince amefika, matope mpaka magotini. Amekaa kando ya kitanda akimtazama mke wake akinyonyesha. Kikombe hakihitajiki tena. Mimi nasimama miguuni pa kitanda kama mgeni, Mama Dorca ananichunga.

Aprili 15

Mvua. Okinyi kilo moja na gramu mia nane. Kichwa changu, usiseme.

Aprili 25, Ijumaa

Wameruhusiwa kwenda nyumbani. Kilo mbili na kidogo. Seline aliniaga kwa mkono. Mama Dorca aliniaga kwa kichwa, kwa mbali, na leso imemfunika mtoto uso wote nilipopita.

Nimecheka na watu. Peke yangu sikucheka.

Mei 7, Jumatano

Wanyonyi amerudi kuchukua kifaa. Nilimwomba kwanza apite kwa Daktari Antony pamoja nami, tukamkuta anatoka kwenye upasuaji. Nikamwambia apumue hapo. Kililia vizuri sana. Akapumua tena. Akakaa.

"Hata mimi kichwa kinaniuma," akasema baadaye, kwa sauti ndogo. "Nilifikiri ni usingizi. Nina miaka thelathini na mmoja, Sista."

Nikamwambia ni umri.

Barua ya nne ameiandika yeye.

Mei 20, Jumanne

Mpira umefika. Wanyonyi ametoboa ukuta chini ya dirisha, amepitisha mpira mnene kutoka kwenye mashine mpaka nje, mbali na njia ya watu, na kuuziba kando kwa simenti, kazi ya asubuhi moja. Tumewasha mashine na dirisha limefungwa, mvua inapiga kioo. Katikati ya chumba kifaa kimenyamaza. Wanyonyi aliniuliza kama nataka kukaa nacho tena mwezi mmoja, ana kingine. Nikasema nataka.

Mei 26

Likizo. Nimepumua asubuhi. Kinalia, lakini kwa kuchoka.

Mei 29

Tik. Kimya. Tik.

Juni 1

Tik moja.

Juni 3, Jumanne

Kimya. Nilirudia mara tano. Nilikaa mlangoni na chai mpaka ikapoa.

Mvua zimepungua. Kichwa hakijauma tangu Ijumaa.

Juni 12, Alhamisi

Siku ya kliniki ya watoto. Likizo yangu inaisha Jumatatu. Nilikuwa nimepita ofisini kuchukua ratiba, na Mama Dorca alikuwa kwenye benchi na Okinyi mapajani. Seline alikuwa kwenye foleni ya kadi. Amenenepa mashavu, akanipungia mkono.

"Sista," Mama Dorca akaita. "Ile kitu iko wapi?"

"Iko nyumbani."

"Kaichukue."

Nilikwenda. Nyumba za wafanyakazi ziko karibu, lakini nilijikuta natembea haraka kama nimeitwa kwa dharura. Nikarudi nacho. Wanawake wa kliniki wakasogea kutazama. Nikapumua. Kimya.

"Tena," akasema.

Kimya.

"Hapana, hapo umepumua ya kuogopa. Vuta mpaka chini, kama unalia."

Nikavuta mpaka chini, nikatoa yote. Kimya. Akainamisha sikio karibu nacho, akangoja, kisha akanyoosha kichwa.

"Nilisema mpaka inyamaze," akasema. "Imenyamaza." Akafungua leso, akaniwekea Okinyi mikononi.

Alikuwa macho, kilo tatu na nusu, ana paji la uso la Seline. Akanitazama usoni bila haya. Sikujua nifanye nini na mtu aliye macho ambaye hana swali, kwa hiyo nikamweka begani, nikatembea naye mpaka kwenye ngazi za nyuma ambapo ziwa linaonekana, nikakaa. Nilikuwa naogopa na nilikuwa na furaha, vyote kwa pamoja. Baada ya muda shingo yake ikalegea. Nikakumbuka ile asubuhi ya Aprili alipozaliwa amelegea. Nikaweka sikio. Alikuwa anapumua vizuri.

Mama Dorca alikuja nyuma yangu. "Umemfanya nini?" akauliza.

"Sijamfanya kitu. Amelala mwenyewe."

Akatazama, akaridhika, akarudi kwenye benchi kungoja kadi. Seline alikuja baadaye kusema wameshaitwa, akamwona mwanawe, akasema hawana haraka.

Nilikaa pale mpaka akaamka.